Samaki wa jiwe kutoka sanduku la baharia: ni wa wapi huyu?

Mwana wa Chumbageni
Wadau, salaam. Baba mdogo alikuwa baharia wa meli za mizigo, na kila safari alirudi na kitu. Baada ya arobaini tulifungua sanduku lake, tukakuta kibamba cha jiwe rangi ya malai, na juu yake samaki mzima wa kahawia, kama sentimita 9. Mifupa imetimia, hadi ile miembamba ya mbavuni. Karatasi hakuna, maandishi hakuna. Picha nimeiweka. Kaka anashikilia ni wa Singida na ana mamilioni. Shangazi anasema ni dagaa aliyebandikwa. Nimsikilize nani?

Mzee Msumeno
Shangazi. Mchemsheni tuone.

Fundi Vito Arusha
Shangazi hajapotea sana, nitafika huko. Singida naiweka kando. Pale Mahenge ya Singida palikuwa na ziwa ndani ya kreta, miaka milioni 46 hivi iliyopita, na samaki wake mashuhuri ni Mahengechromis, ndugu wa perege: pezi la mgongoni refu, lenye miiba. Kwenye picha yako pezi ni fupi, limekaa katikati ya mgongo.

Baharia huokota vitu madukani, na madukani huko nje wamejaa wa China, Brazil na Marekani. Lycoptera wa Liaoning, China, pezi lake la mgongoni limerudi nyuma sana, linatazamana na lile la chini karibu na mkia. Si huyu. Wanabaki Dastilbe wa Brazil na Knightia wa Wyoming, Marekani, na wote hulala kwenye jiwe la chokaa, kwa hiyo rangi ya jiwe isikuhangaishe.

Tafuta lenzi. Dagaa papa mbichi ukimpapasa tumbo kutoka mkiani kwenda kichwani si anakwaruza? Knightia anayo magamba hayo ya ncha tumboni, na mgongoni pia, kati ya kichwa na pezi. Dastilbe hana kokote. Halafu chovya pamba kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, ugusie mfupa pembeni. Wapo wanaochora.

Mwana wa Chumbageni
Nimeazima lenzi kwa fundi saa. Tumboni meno yapo, yamepangana. Mgongoni kuna vijigamba vimefuatana mpaka pezi linapoanza. Pamba imetoka safi, ila ncha ya mkia imeacha kahawia.

Fundi Vito Arusha
Mkia umetiwa kiraka, mambo ya kawaida. Wanaosafisha mawe hujazia palipobanduka. Samaki mwenyewe ni halisi: Knightia, wa matabaka ya Green River, miaka milioni 50 hivi. Na ni jamii ya dagaa kweli, mpe shangazi haki yake.

Wyoming ilimfanya kisukuku (kiumbe wa kale aliyehifadhika jiweni) rasmi cha jimbo mwaka 1987, na machimbo ya watu binafsi huko humuuza kihalali. Angekuwa wa Brazil ningekuonya, maana sheria yao ya 1942 inataka kibali cha serikali kuchimba visukuku. Kaka naye apunguze moto: Knightia walikufa kwa makundi, kibamba kimoja kinaweza kubeba samaki chungu nzima, na wa saizi hiyo huuzwa kama zawadi za watalii.

Msimpake vanishi, tafadhali. Nyuma ya jiwe bandika karatasi yenye jina la samaki, Wyoming, na jina la baba mdogo.