Naomba ushauri: chunjua ya mguuni, lengelenge limekuwa jeusi

BintiMwaloni: Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana chunjua kwenye unyayo, na kutwa nzima anasimama soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kuuza dagaa. Mjomba katuma dawa ya kugandisha chunjua kwa baridi toka Marekani, tumempaka juzi. Leo pametoka lengelenge jeusi. Nimpake tena au nisubiri?

Mzee wa Sengerema: Pole binti. Sisi bibi alitupaka utomvu wa mnyaa. Mdogo wangu ulimrukia jichoni, tukalala naye zahanati siku tatu. Ila chunjua iliisha.

NesiIgogo: Usipake tena. Mliiweka sekunde ngapi? Mama ana ugonjwa mwingine?

BintiMwaloni: Sekunde 40, kama boksi linavyosema. Tukarudia palepale, maana hakusikia chochote.

NesiIgogo: Hakusikia baridi? Dada, jibu swali la pili.

BintiMwaloni: Ana sukari, mwaka wa sita sasa. Lakini dawa anameza kila siku na haijapanda! Boksi limekataza wenye sukari, nikajua ni wale wa sindano. Daktari wa ngozi ni foleni na nauli, na mama hafungi meza.

Kapeto: Hii chai. Jana sukari haikuwepo, leo ipo. Kesho utaomba mchango. Weka picha ya kopo.

BintiMwaloni: Kaka, simu yangu haina kamera nzima. Kopo ni dogo, lina kijiti chenye sponji. Limeandikwa daimethili etha na propani, na alama ya moto. Umeme ulikatika, tukapaka kwa mwanga wa kibatari.

Kapeto: Kibatari?! Basi samahani dada, hilo hulitungi. Propani si ndiyo gesi ya kupikia!

NesiIgogo: Mmeponea chupuchupu. Mwaka 2014 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kuhusu dawa hizi: tangu 2009 ilipokea taarifa 14 za kushika moto watu wakiwa wanazitumia nyumbani. Ila sasa nahofia mguu. Sukari ikishaua mishipa ya fahamu, mtu hasikii akiungua wala akiganda, nyama inakufa kimya. Mguse kwa pamba pembeni ya lengelenge, awe amefumba macho. Usilitoboe.

Mzee wa Sengerema: Na chumvi asiweke.

BintiMwaloni: Nimemgusa. Vidole vitatu hasikii. Ananiuliza nimeanza au bado.

NesiIgogo: Mpeleke hospitali ya Sekou Toure usiku huu, asikanyage. Beba na boksi.

BintiMwaloni: Bajaji imefika. Meza nitafungua mimi kesho.