Tupeane uzoefu: uliwafundishaje fasihi ya Uingereza watu ambao Kiingereza bado kinawapiga chenga?

Daftari Kuukuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Walimu wa Kiingereza, na ninyi mliowahi kufundishwa, naomba uzoefu wenu. Nadharia ninazo za kutosha, nataka yaliyowakuta.

Naanza na langu, la aibu. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa darasa la vijana wa miaka 16 na 17, nikaamua tusome Great Expectations ya Charles Dickens. Toleo kamili, maana siku hizo niliamini kumpa mwanafunzi kitabu kilichorahisishwa ni kumdharau. Sharti langu lilikuwa moja: kila neno jipya liandikwe daftarini pamoja na maana yake.

Wiki ya pili nikakusanya madaftari. Kijana mmoja mpole, mwandiko kama umepigwa chapa, alikuwa amechora safu tatu kwa rula na kuzijaza maneno 63. Kutoka kurasa chache tu za sura ya kwanza! Neno la 58 lilikuwa "wittles". Mbele yake patupu, pana alama ya kuuliza kwa penseli, ndogo, kama anaiomba radhi. Nikamwuliza amelitafuta wapi. Kwenye kamusi zote tatu za maktaba, akasema.

Sasa lile neno hata angetafuta mwezi mzima asingelipata. Ni mfungwa mtoro anamtisha mtoto Pip makaburini amletee tupa na chakula, na "wittles" ndivyo anavyotamka "victuals", yaani chakula, kwa lafudhi ya watu wa hali yake. Dickens aliandika matamshi kama yanavyosikika. Kijana wangu alipoteza jioni nzima akitafuta lafudhi ndani ya kamusi.

Nikamtupia swali jingine: Pip alikutana na nani makaburini? Akaniangalia tu. Maneno 63, na hakumwona mtu mzima mwenye chuma mguuni aliyembeba mtoto na kumpindua kichwa chini.

Hatukumaliza kile kitabu. Nani hapa aliwahi kuwafikisha wanafunzi ukurasa wa mwisho, na wao wenyewe wakitaka kufika? Kitabu gani, na ulifanyaje?

Kobe Taratibu

Pole mkuu, ila ulijitakia. Paul Nation, mtafiti wa msamiati, alilipigia hesabu jambo hili mwaka 2006: ili mtu asome riwaya ya kawaida bila msaada, akijua maneno 98 katika kila 100, anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000 (neno pamoja na ndugu zake, kama read, reads, reading, ni familia moja). Yaani neno geni moja tu katika kila maneno 50. Wako walikuwa na mangapi? Kama walifika 2,000 basi walimu wao wa nyuma wapewe zawadi.

Mimi natumia penseli. Mwanafunzi anafungua ukurasa wa katikati (si wa kwanza, wa kwanza una ugumu wake peke yake), anahesabu maneno 100, kila asilolijua analiwekea nukta. Nukta mbili, chukua kitabu nenda nacho nyumbani. Nne, chukua kama kisa kimekunogea. Kumi, rudisha rafuni, wala usione haya. Kuna mzee mmoja, fundi seremala, alisisitiza aanze na toleo kamili la Frankenstein kwa sababu mwanawe alilisoma. Ukurasa aliouleta ulikuwa na madoa kama kanga. Nikampa toleo fupi la kitabu hichohicho, akalimaliza kwa siku nne, akarudi na ugomvi: mbona watu wote wanaliita lile dude Frankenstein wakati Frankenstein ni yule aliyeliunda? Kuna watu wenye shahada hawajui hilo.

Msomaji Mvivu

Nimeweka kambi hapa. Endeleeni.

Mama Kamusi

Kobe, hilo kanga lako limenikumbusha The Speckled Band, hadithi fupi ya Sherlock Holmes aliyoitoa Arthur Conan Doyle mwaka 1892. Kwangu mimi hakuna hadithi inayomfaa mwanafunzi wa Kiingereza kuliko hiyo, kwa kuwa fumbo lenyewe ni la msamiati. Msichana anakufa usiku, na anakata roho akisema "the speckled band" ("speckled" ni yenye madoa). Haya. "Band" ni kundi la watu. "Band" pia ni utepe au ukanda. Na karibu na nyumba wamepiga kambi watu wa kuhamahama, na inasemwa wengi wao hujifunga vitambaa vya madoa kichwani! Kwa hiyo hata Mwingereza mwenyewe, mwenye lugha yake, anabaki amekodoa macho mbele ya neno la herufi nne.

Nilikuwa na nakala moja tu. Nikawasomea kwa sauti mpaka pale, nikafunga kitabu, nikaandika hilo neno ubaoni na kuwaambia wachague maana. Zogo. Waliokuwa wakinong'ona Kiingereza kwa woga walikuwa wakikikosea kwa sauti ya juu kabisa, na mimi nikaacha kuwasahihisha.

Kesho yake, kabla sijakaa, binti mmoja ambaye tangu muhula uanze sikuwa nimesikia sauti yake akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini ile kamba ya kengele haikufungwa kwenye kengele?"

Sikuwa nimewasomea habari za kamba yoyote. Iko mbele huko. Nikatazama mezani, kitabu hakipo.

Jibu la fumbo siliweki hapa, nisiwamwagie watu uhondo.

Wino Mkavu

Acheni mimi niwe mkorofi wa uzi. Kwa nini iwe Uingereza? Mwanafunzi wangu anataka Kiingereza cha barua ya kuomba kazi na cha kusoma karatasi iliyo ndani ya pakiti ya dawa. Mabinti wa Jane Austen wanaowinda waume wenye mali wanamhusu nini?

Nilifundisha Pride and Prejudice miezi mitatu. Sentensi ya kwanza inasema ni ukweli unaokubalika ulimwenguni kote kwamba mwanamume tajiri asiye na mke lazima ana haja ya mke. Tukaipokea kama Katiba. Wanafunzi wakaandika insha kwamba mwandishi anaamini hivyo, na mimi nikawapa alama nzuri. Mwaka uliofuata ndipo nikastuka: kumbe yule mama alikuwa anacheka tangu neno la kwanza, na walio na haja ni akina mama wenye mabinti. Nikaona hapana. Sasa nafundisha makala za magazeti, na silali na wasiwasi wa nani anamcheka nani.

Shairi Huru

Wino, kaka yangu, hapo si umejijibu? Mtu wa ile lugha akikuambia "how interesting" huku anatazama saa, gazeti lipi litakuwa limekuandaa?

Ila sikucheki, maana mimi nilikosea kwa miaka minne. Romeo and Juliet, pale Juliet yuko juu usiku anasema "wherefore art thou Romeo". Kila mwaka mwanafunzi wangu wa kuigiza Juliet alisimama kwenye kiti, kiganja juu ya macho, anamtafuta Romeo kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Nilifundisha kwamba "wherefore" ni "wapi", lafanana na "where" hata hivyo. Mwaka wa tano kijana akauliza: kama anamtafuta, mbona mstari unaofuata anamwambia amkane baba yake na alikatae jina lake?

Nikaomba ruhusa niende ofisini. Nilipekua maelezo ya chini ya ukurasa, ambayo nilikuwa nayaruka kila mwaka. "Wherefore" ni "kwa nini". Na hapa Kiswahili kinatuokoa kuliko "kwa nini" yenyewe: Juliet anasema *mbona*. Romeo, mbona wewe ni Romeo? Mbona umezaliwa kwenye ukoo ule, maadui wa kwetu? Yale malalamiko yote yamo ndani ya "mbona". Nilirudi darasani nikawaambia nimewadanganya. Mwaka huo ndio waliokariri mistari bila kulazimishwa, labda kwa kuninyanyasa.

Penseli Butu

Kwa kuwa Kiswahili kimetajwa: mimi huanza na tafsiri. Mwalimu Nyerere alitafsiri The Merchant of Venice, tamthilia ya Shakespeare, ikatoka 1969 kwa jina Mabepari wa Venisi. Tunasoma kesi ya mkopeshaji Shylock anayedai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake Antonio, kwa Kiswahili kwanza, tunalia na kucheka, kisha tunakwenda kwenye Kiingereza. Mwanafunzi hapambani tena na swali la nini kinatokea, anasikiliza kinasemwaje.

Siku moja hatukufika hata kwenye kesi. Mtu aliuliza: kwa Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja, na ndiye Antonio. Kwa Kiswahili wamekuwa mabepari, wengi. Nani kawaongeza? Shylock yumo? Portia, yule binti tajiri, na urithi wake yumo? Kipindi kizima kiliishia kwenye jalada.

Kobe Taratibu

Penseli, hapo sikuungi mkono moja kwa moja. Wangu nikiwapa tafsiri, Kiingereza hawakigusi tena, wanajibu maswali kwa kumbukumbu ya Kiswahili. Labda tofauti ni nani anasimamia.

Na Wino, kuhusu faida: kule Fiji, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi za Kiingereza kwenye madarasa ya shule za vijijini, wakachapisha matokeo 1983. Baada ya miezi minane, watoto waliopewa vitabu walikuwa wamepiga hatua katika kusoma na kusikiliza kwa kasi kama mara mbili ya kawaida. Hadithi tu, hakuna barua ya kuomba kazi humo.

Zamu ya Jioni

Mimi nafundisha watu wazima wanaotoka kazini wamechoka. Animal Farm ya George Orwell, 1945: wanyama wanamfukuza mwenye shamba, wanajiwekea amri ukutani, kisha nguruwe wanazibadilisha kimyakimya. Niliandika amri saba za wanyama ubaoni kwa chaki nyekundu, nikaziacha wiki nzima. Tulipokaribia sura ya nguruwe kuhamia kwenye nyumba ya mwenye shamba, nikawahi darasani peke yangu. Kwenye amri ya kutolala kitandani nikaongeza maneno mawili, "with sheets" (chenye mashuka). Chaki ileile, mwandiko uleule.

Wakaingia, wakakaa. Dakika ishirini hakuna aliyesema neno. Kisha mlinzi mmoja, anayekuja na sare yake ya kazi, akasimama. "Teacher, yesterday no sheets." Wengine wakabisha! Mama mmoja akaapa yalikuwepo tangu Jumatatu. Ikabidi wafungue madaftari. Wawili walikuwa wamezinakili, na hapo ndipo kelele zilipoanza.

Ndipo tukasoma ile sehemu: Clover, farasi jike, anahisi amri haikuwa hivyo, lakini hawezi kusoma zaidi ya herufi mojamoja, anamwomba mbuzi Muriel amsomee. Na Muriel anamsomea kilichopo ukutani. Yule mama aliyeapa aliomba tuirudie hiyo aya. Tukairudia mara tatu, mara ya tatu akaisoma yeye.

Wino Mkavu

Hiyo ya chaki naiiba. Kwa wiki moja tu, msianze kushangilia.

Daftari Kuukuu

Wakuu, nimesoma yote mara mbili. Mama Kamusi, swali la kiutendaji: nina wanafunzi 38, nakala sina. Na yule binti ulimfanya nini?

Mama Kamusi

Nakala usinunue. Conan Doyle alifariki 1930, hadithi hiyo haina tena haki miliki, iko bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Chapa kurasa za mwanzo tu, zinazobaki wazitafute wenyewe kwa uchu.

Binti nilimwambia arudishe kitabu akimaliza. Alikirudisha baada ya wiki tatu kikiwa na nukta za penseli, na katikati amesahau kipande cha uzi cha kuwekea alama. Kitabu kina hadithi kumi na mbili. Uzi ulikuwa kwenye ya kumi na moja.

Msomaji Mvivu

Jamani, mimi nilikuja kupiga umbea tu. Nimeifungua hiyo hadithi kwenye simu tangu saa mbili, nimefika kwenye kamba ya kengele, na sasa naambiwa kitanda nacho kimepigiliwa sakafuni. Kwa nini mtu apigilie kitanda sakafuni? Asijibu mtu.