Pikipiki, gari la kukodi au basi na boda? Data za PhD Chamwino na Bahi

MtamaMweupe
Habari za jioni wana jukwaa. Naomba mawazo yenu kabla mwezi haujaisha. Nasoma PhD, propozo imepita, barua ya chuo ninayo na sasa nataka kuingia fildi vijijini huku huku Dodoma. Kinachoniumiza kichwa ni usafiri. Nina njia tatu. Ninunue pikipiki, kuna mtu anauza Boxer iliyotumika kwa milioni moja na laki nane. Au nikodi gari na dereva wake, Noah au hadtop. Au niende na basi mpaka linapoishia halafu nimalizie na boda wa kijijini. Mliopita huko mlitumia nini?

Nkuhungu_Damu
Mkuu umetunyima mambo ya msingi. Wilaya ipi, vijiji vingapi, unaanza mwezi gani? Mkoa huu ni mpana. Kama ni Kondoa lami inakwenda mpaka Babati, unashuka na basi barabarani unachukua boda, kwisha. Ukiniambia Kwa Mtoro kule Chemba au Kibakwe ya Mpwapwa hapo tuongee lugha nyingine. Na uko peke yako au na wasaidizi? Pikipiki haibebi watu wanne.

FundiTakwimu
Taja na sampo pia, yaani kaya ngapi utazihoji. Na dodoso linachukua muda gani, maana dodoso la saa moja na nusu kwa siku mtu mmoja anamaliza kaya nne, akijitahidi tano, na nyumba zenyewe ziko mbalimbali. Watu wanapiga hesabu ya mafuta wanasahau hesabu ya siku.

KijanaWaBahi
Chukua pikipiki, mengine yote ni kumwaga hela. Nimekuwa msaidizi wa watafiti huku kwetu kwa hiyo naongea nilichokiona. Gari linaishia ofisi ya kijiji, kutoka hapo kwenda vitongojini njia ni za baiskeli na ng'ombe, mnatembea na jua la saa saba mpaka mnafika mmechoka na mwenye kaya ameshaondoka. Vijiji vya Kigogo havijabanana, kati ya kaya na kaya kuna shamba. Pikipiki inakufikisha mlangoni na lita moja inakwenda kilomita 40 na zaidi. Ukimaliza data unaiuza, hela ya gari la kukodi hairudi. Ila hiyo ya mkononi usiilipe kabla fundi wako hajaikagua, asikilize injini, aangalie cheni na shokapu, na kadi ina jina la nani.

MtamaMweupe
Asanteni, nilikuwa na haraka. Ni Chamwino na Bahi, vijiji 12, kaya 384, wasaidizi wawili. Nachunguza jinsi wakulima wa mtama na uwele wanavyohifadhi nafaka, na kwa nini kaya nyingi zinauza mara tu baada ya mavuno halafu miezi ya njaa zinanunua nafaka ile ile kwa bei ya juu. Nimepanga Novemba mpaka Februari.

Nkuhungu_Damu
Novemba mpaka Februari?? Mvua za huku ni Desemba mpaka Aprili, msimu mmoja tu. Novemba watu wanaberega, yaani wanasafisha mashamba, mvua ya kwanza ikidondoka wanapanda, Januari palizi, mtu anatoka nyumbani alfajiri anarudi jua limezama, utamhoji nani? Na zile mbuga za mpunga Bahi ule udongo mweusi ukilowa unajaa kwenye madigadi mpaka tairi haizunguki, utaisukuma hiyo pikipiki. Subiri Julai watu wamevuna wametulia.

MtamaMweupe
Lakini Julai ghala limejaa, kila mtu ataniambia anahifadhi vizuri. Njaa inaonekana Januari na Februari na ndio kitu ninachokitafuta.

FundiTakwimu
Basi fanya awamu mbili, kaya zile zile. Julai au Agosti unapima kilichoingia ghalani, Januari unarudi kuangalia kilichobaki na kilichouzwa. Hiyo itakuwa na nguvu kuliko kumuuliza mtu leo akumbuke aliuza gunia ngapi miezi sita iliyopita. Ila bajeti ya usafiri inakuwa mara mbili, sasa rudi kwenye swali lako na macho hayo.

BintiWarangi
Hamjambo. Naona gari la kukodi halijazungumzwa vya kutosha, ngoja niseme yaliyonikuta na nitaandika kirefu mnivumilie. Nilikuwa kwenye data za PhD, wilaya mojawapo ya mkoa huu huu. Nikaelekezwa kwa mtu ana pikapu anakodisha na dereva. Tukaandikishana kabisa, mafuta juu yangu, chakula na malazi ya dereva juu yake. Siku ya kwanza safi. Ya pili dereva ananiambia bosi hajampa hata mia, nimpe hela ya kula nitakatana na bosi wake, nikampa maana huwezi kumwangalia mtu analala njaa. Kesho yake gari linakuja saa nne asubuhi wakati mwenyekiti alishawaita watu tangu saa mbili, wazee wamekaa chini ya mbuyu wamesubiri wee mpaka wengine wamekwenda zao shamba, kumbe usiku gari lilikuwa linasomba magunia ya mtu kupeleka mnadani na mafuta yangu. Mwenyekiti hakunielewa na mimi sikumlaumu, yeye ndiye aliyewaomba wale wazee.

Wiki ile ile mvua ikanyesha huko juu, tulipokuwa sisi hata tone hatukuliona. Tunafika korongoni maji yanashuka mekundu yamebeba magogo. Dereva anasema tunapita. Nikakataa, nikashuka na wasaidizi wangu na madodoso yangu yote. Akaingia peke yake, gari likazima katikati. Namshukuru Mungu alitoka mzima, vijana wa pale wakalikokota na ng'ombe jioni maji yalipopungua. Sasa mwenye gari akanidai mimi matengenezo ya injini eti lilikuwa kwenye kazi yangu, simu asubuhi simu usiku, mpaka akaja idarani kunishtaki kwa mkuu wangu. Kilichoniokoa ni ile karatasi tuliyosaini. Lakini hela za vijiji vilivyobaki zilikuwa zimeshapukutika nikamalizia na boda wa kijiji hicho hicho, na nawaambia kwa moyo mweupe yule kijana wa boda alinifaa kuliko gari lote. Anajua korongo lipi halipitiki, nani amehama, nani amefiwa tusimsumbue. Akitangulia yeye na "mbukwa" yake, salamu ya Kigogo, mzee anatoa kigoda, mimi nikitangulia na begi la chuo wananiuliza kama nimetoka serikalini kuja kuandika watu wa mahindi ya msaada.

KijanaWaBahi
Pole sana dada. Hiyo ya mahindi ya msaada ni kweli kabisa, usipoeleza vizuri siku ya kwanza kila kaya itakwambia haijavuna kitu na data yako yote imeharibika.

FundiTakwimu
Nirudi kwenye hiyo 384 maana nimeiona kwenye tasnifu nyingi mno. Ni ya fomula ya Cochran ya kukadiria sampo, p (uwiano unaoutarajia) ukiweka 0.5, kosa asilimia 5, uhakika asilimia 95. Inachukulia kwamba umechagua kaya moja moja kutoka kwenye orodha ya watu wote. Wewe unachagua vijiji kwanza ndipo kaya ndani ya kijiji, na watu wa kijiji kimoja wanafanana, mvua yao moja, mnada wao mmoja. Inabidi uzidishe kwa dizaini ifekti, namba ya kufidia huko kufanana. Ukiweka 1.5 tu umeshafika 576.

Mwl_Makulu
Mwenzako ameuliza usafiri wewe unamwongezea karibu kaya mia mbili. Sisi tulitumia fomula ya Yamane na tumehitimu. Komiti imeshapitisha propozo, msimvuruge.

FundiTakwimu
Komiti kupitisha ni jambo moja, jarida kukubali ni jambo lingine, na siku hizi bila machapisho hupandi kutoka popote. Makala yangu ilirudishwa kwa swali hilo hilo na wakati huo huwezi tena kurudi kijijini. Bora aambiwe sasa hivi akiwa bado mjini.

Mwl_Makulu
Sawa, ila mngemwambia pia aache mambo ya tableti. Karatasi haiishi chaji. Wengi wanakwenda na simu za bei rahisi, inazima saa tano na kijiji hakina umeme.

KijanaWaBahi
Mwalimu hapo nakupinga kwa heshima. KoboCollect, ile app ya kujazia dodoso kwenye simu, haihitaji mtandao ukiwa kijijini, inahifadhi ndani ya simu, ukifika mjini unatuma. Inachukua na GPS ya kaya, kwa hiyo awamu ya pili hupotei. Pawabenki moja nzuri inamaliza siku, na karibu kila kijiji kuna duka linachaji simu kwa sola. Karatasi ndizo nilizoziona zikilowa.

BintiWarangi
Kobo nzuri, ila asisahau ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Jina la mkuu wa kaya, namba ya simu na GPS sio vitu vya kuacha wazi kwenye simu ya msaidizi. Weka namba ya siri na majina yakae faili lake.

MtamaMweupe
Nasoma kila kitu, ubarikiwe BintiWarangi, stori yako imenitisha. Niongeze mengine sasa. Mnaniita mkuu, mimi ni dada. Leseni ya pikipiki sina, kuendesha najua kidogo, nilijifunza na kaka yangu. Na bado nafundisha, ruhusa ya masomo niliyopewa ni nusu, nina vipindi Jumatatu na Jumanne na darasa ni kubwa kwa hiyo kusahihisha kunanifuata mpaka fildi. Fungu la utafiti nililoahidiwa halijatoka. Hela iliyopo ni ya mshahara na ya kikoba, ikiharibika nina watoto wawili na ada.

Nkuhungu_Damu
Dada yangu hayo ndiyo yalitakiwa kuja mwanzo! Tungekuwa tumeshamaliza.

BintiWarangi
Pole mdogo wangu, nakuelewa kabisa, kusahihisha mitihani kwa tochi ya simu nimekufanya sana. Kwa ratiba hiyo usiwaze kwenda na kurudi kila siku. Toka Jumatano asubuhi na basi la Nanenane, lala kijijini mpaka Jumamosi. Mwombe mtendaji akutafutie nafasi kwa mwalimu wa kike au nesi wa zahanati, unachangia chakula chao. Ukilala kijijini jioni unakuta watu wametoka shamba wamekaa nje, mahojiano yanakwenda. Usafiri unabaki wa kwenda, wa kurudi na boda wa ndani, mlipe kwa siku.

KijanaWaBahi
Bado nasema pikipiki. Leseni ya daraja A sio mlima, nenda shule ya udereva ukafanye mafunzo na majaribio. Kofia ngumu mbili, bima. Wasaidizi wako wachukue wa kijiji husika waliomaliza kidato cha nne, hapo suala la kuwabeba limeisha.

Mwl_Makulu
Msaidizi wa kijiji anamhoji jirani yake kuhusu gunia alizonazo, jirani atasema ukweli? Mimi napendelea wa kijiji cha jirani, wanaojua Kigogo ila sio ndugu.

BintiWarangi
Hapo mwalimu umenena. Na mkae mkijua wahojiwa wanatoa muda wao, beba hata mche wa sabuni kwa kila kaya.

FundiTakwimu
Sabuni iandikwe kwenye fomu ya maadili na itolewe mwishoni, tena kwa wote sawa. Ukiitoa mwanzoni kijiji kizima kinajipanga na orodha yako inakufa.

Nkuhungu_Damu
Mtu anaacha palizi saa nzima mnabishana sabuni itoke lini. Mpeni mwanzo, mtu ajisikie ameheshimiwa.

Mwl_Makulu
Dada, umesema barua ya chuo unayo. Ya Katibu Tawala wa Mkoa je? Bila hiyo mkurugenzi wa halmashauri hakupi ya kwenda kwa watendaji wa kata, na mtendaji wa kijiji hakufungulii kitu.

MtamaMweupe
Ya mkoa bado, nimeambiwa nirudi Alhamisi. Mwenye pikipiki naye anataka jibu Jumamosi.

Nkuhungu_Damu
Ukishapata hiyo barua anza na ofisi ya kilimo ya wilaya, maafisa ugani wana orodha ya wakulima wa mtama kijiji kwa kijiji.

FundiTakwimu
Hapana, ile ya ugani mara nyingi ni ya wanavikundi tu, wanaojiweza. Daftari la wakazi liko kwa mtendaji wa kijiji, chagua kaya kutoka humo. Ukianza na ya ugani wajane na wazee wasio kwenye vikundi hutawaona kabisa, na ndio hao wanaouza mapema.