Salesforce au Dynamics 365: ipi inakuachia upange kinachoonekana ukitafuta mteja ndani ya imeili?

mauzo_kariakoo: Wakuu, tunachagua kati ya hizi programu mbili za kutunza taarifa za wateja, bosi anataka jibu Ijumaa. Muuzaji akisoma imeili anamtafuta mteja kwenye paneli ya pembeni, anamwagiwa akina Juma Ali sita: jina na anwani, basi. Nataka simu na tawi vionekane hapohapo. Ipi rahisi?

fundi_mifumo: Mnatumia Outlook au Gmail? Watu wangapi? Bila hayo tunabahatisha.

BintiTanga: Dynamics, wala usiumize kichwa. Kwenye Quick Find (mpangilio wake wa utafutaji wa haraka) unachagua safu za kutafutia na safu za kuonyesha, kila moja kivyake. Salesforce, Search Layouts (mpangilio wa matokeo ya utafutaji) inapanga za kuonyesha tu.

fundi_mifumo: Salesforce namba ya simu inaitafuta yenyewe, dada. Za kuonyesha mwisho ni safu 10, ila paneli nyembamba, zile za mwanzo ndizo za maana.

kijana_excel: Hao sita mna uhakika si mtu mmoja kasajiliwa mara sita?

mzee_wa_bima: Kuweni makini na hizo safu. Ofisi moja niliyofanyia kazi, msimamizi aliweka namba ya NIDA kwenye matokeo ili majina yasichanganywe. Siku ya mafunzo projekta imewashwa, mkufunzi kaandika "Mwajuma", ukuta mzima namba za watu! Mawakala wa nje wamekaa mstari wa mbele, mmoja keshatoa simu anapiga picha. Mkufunzi badala ya kuzima projekta akawa anahangaika kufunga dirisha, likafunguka lingine lenye tarehe za kuzaliwa. Mafunzo yakaishia hapo, tukaenda kula pilau saa nne asubuhi.

dada_wa_data: Shida hapo ni ruhusa, mzee. Fildi (sehemu ya taarifa kwenye rekodi) ikiwa nyeti inafungwa kwa ruhusa za fildi yenyewe. Kuitoa kwenye matokeo tu si ulinzi, mtu akifungua rekodi anaiona.

mzee_wa_bima: Ruhusa ipi, na wote walikuwa wanaingia kwa akaunti ya msimamizi?

dada_wa_data: Haya, hapo sina neno.

mauzo_kariakoo: Samahani, nilibanwa. Tuko 14, Gmail.

fundi_mifumo: Ungesema mapema mkuu! Ile programu ya pembeni ya Dynamics ni ya Outlook. Salesforce inayo ya Gmail na ya Outlook.

BintiTanga: Si mhamie Outlook tu?

mauzo_kariakoo: Bosi hataki hata kulisikia hilo jina.

kijana_excel: HubSpot je?

BintiTanga: Kwani Outlook imemkosea nini huyo bosi?