Waya wa oksidi: kwenye bafa unasoma vizuri, kwenye tangi la sato unadanganya. Naombeni ushauri

kijana_wa_volti
Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Niko mwaka wa mwisho chuoni, mradi wangu ni kipima pH (kiwango cha tindikali au alkali majini) cha matangi ya sato. Vile vya kioo vinavunjika ukivitazama vibaya, na bei yake mnaijua, kwa hiyo nikaamua kutumia utando wa oksidi ya metali. Iridi siiwezi, ni ghali mno. Nikapata kipande cha anodi chakavu ya mashine ya kutengenezea klorini: wavu wa titani uliopakwa oksidi ya rutheni. Nimekata kipande cha upana wa kidole, nikakiunganisha na elektrodi ya rejea (ile ya kulinganishia, volti yake haibadiliki) ya fedha na kloridi ya fedha.

Kwenye bafa (vimiminika vya kusawazishia ambavyo pH yake inajulikana) raha tupu. pH 4 napata milivolti 470, pH 7 napata 305, pH 10 napata 140. Jana nikajaza tangi maji ya bomba, nikatumbukiza: 415. Kwa hesabu hiyo ni pH 5! Karatasi ya kupimia inasema 7 na ushee. Nikarudi kwenye bafa, namba zilezile. Wiki ijayo nakutana na msimamizi. Utando umekufa au nimekosea mimi?

mama_bwawa
Mwanangu, samaki umeshaweka humo?

kijana_wa_volti
Bado mama.

mama_bwawa
Afadhali. Maji ya bomba ya jana huweki samaki, yana dawa ya klorini. Mimi nayaacha wazi siku mbili na pampu ya hewa inatembea.

mzee_wa_bafa
Mama kashalijibu swali hata kabla yangu.

Kijana, utando wako mzima. Milivolti 55 kwa kila pH ni nzuri kwa kitu cha kuokota. Kinadharia kwa nyuzi 25 ni 59.2. Inatokana na hili: juu ya oksidi, rutheni inabadilika kati ya hali ya 4 na ya 3 (idadi ya elektroni ilizopoteza), na kila elektroni moja inayoingia inafuatana na protoni moja, yaani ioni ya hidrojeni. Protoni zikipungua majini, volti inashuka. Oksidi ya iridi iliyooteshwa kwa umeme ndani ya tindikali inashika maji mengi, protoni zinazidi elektroni, ndiyo maana watu wanapata 70 na zaidi. Usiwaonee wivu, maana namba zao nazo huhamahama.

Kioo kinasikiliza ioni za hidrojeni, mengine hakishughuliki nayo sana. Oksidi inapitisha elektroni, kwa hiyo chochote majini kinachotoa au kupokea elektroni kinaingilia mazungumzo. Klorini inavuta elektroni, volti inapanda, na wewe volti ikipanda unasoma tindikali. Halafu kumbuka kipande chako kimetoka wapi. Utando huo ulitengenezwa makusudi uelewane na klorini! Kwenye bafa hakuna klorini, ndiyo maana kule kilikuwa kinasema kweli.

fundi_redio
Kabla ya kemia, zima pampu ya maji uone. Pampu ya kuzamisha ikivujisha umeme hata kidogo, namba zitacheza. Na unasomea nini? Kama ni Arduino (kibao kidogo cha kompyuta) moja kwa moja, hatua moja ya volti 5 kugawa kwa 1024 ni karibu milivolti 4.9. Kwa mteremko wako huo wa milivolti 55 kwa pH ni kama pH 0.09, hapo hata kelele sijaiweka. Tia kikuzio (amplifaya) katikati.

kijana_wa_volti
Nimezima pampu, bado 413. Nasomea multimita kwa sasa.

chumvi_chumvi
Rahisi hiyo. Tia thiosulfati ya sodiamu, klorini inakufa papo hapo, pima tena.

mzee_wa_bafa
Kwa samaki sawa, kwa kipimo hiki hapana. Thiosulfati ikizidi inatoa elektroni, volti inaanguka upande wa pili, utasoma pH ya juu kuliko iliyopo. Utakuwa umetibu uongo kwa uongo. Fanya anavyofanya mama: ndoo wazi, hewa, subiri.

bati_jipya
Kwani asitumie waya wa alumini? Nao una oksidi, tena madukani umejaa.

mzee_wa_bafa
Oksidi ya alumini haipitishi umeme, na inayeyuka kwenye tindikali na kwenye alkali pia, takriban chini ya pH 4 na juu ya 9. Utakuwa unapima kutu. Antimoni ndiyo iliyotumika tangu miaka ya 1920, na hadi leo inawafaa wenye vimiminika vya floridi vinavyokula kioo, ila ni sumu. Kwenye tangi la chakula siisogezi.

kijana_wa_volti
Mrejesho, siku ya tatu. Ndoo ya maji yaleyale niliyoacha wazi na hewa: milivolti 290. Hiyo ni pH 7.3, inakubaliana na karatasi. Nikachota maji mapya bombani, nikatumbukiza: 409.

Ila asubuhi, kabla sijalowesha, bafa ya 7 ilinipa 297 badala ya 305.

mzee_wa_bafa
Ulikiacha kikauke usiku. Utando unakunywa maji polepole, kila ukiukausha unaanza upya. Kihifadhi ndani ya bafa ya 7, na asubuhi upime bafa mbili kabla ya kazi. Kwa msimamizi usifiche ile 415. Weka jedwali la ndoo na bomba pamoja, na useme wazi kipimo hiki ni cha maji yaliyokwisha kupumzika.

mama_bwawa
Sasa mwanangu, hiki kinachopiga kelele maji yakiwa na dawa, si ndicho ninachokitaka mimi? Mwaka jana nilipoteza vifaranga kwa kuamini pua yangu. Ukimaliza na mwalimu wako, nitengenezee kimoja, hata kama pH hakijui.

kijana_wa_volti
Mama, hakitakwambia ni dawa kiasi gani, kitakwambia tu maji hayajatulia.

mama_bwawa
Basi hicho hicho. Waya nanunua mimi.