Shemeji anachaji betri ya bodaboda ya umeme sebuleni tukiwa tumelala, kuna hatari?

mamaG_tabata

Habari za jioni jamani, naombeni ushauri wa haraka. Tunaishi Tabata nyumba ya kupanga, chumba na sebule, shemeji yangu mdogo wake mume wangu anakaa na sisi na anaendesha bodaboda ya umeme. Usiku anatoa betri kwenye pikipiki anaileta ndani anaichaji sebuleni pembeni ya mlango mana ndo soketi ilipo, yeye analala kwenye kochi na watoto wangu wanalala hapohapo chini kwenye godoro. Mwanzo sikua na wasiwasi ila chaja iliyokuja na pikipiki iliharibika akanunua nyingine ya bei rahisi, na tangu hapo nikiigusa betri alfajiri naikuta ya moto, sio uvuguvugu, moto kabisa. Nikimwambia anasema shem usijali BMS ipo, kile kifaa cha ulinzi ndani ya betri, itakata yenyewe. Mume wangu nae anasema tusimvunje moyo kijana ndo kwanza anajitafuta. Halafu jirani analalamika luku inaisha haraka, mita tunachangia. Sasa naulizeni, kuna hatari ya kweli hapa au ni uoga wangu?

fundi_betri_kkoo

Dada hatari ipo na wala sio uoga, nisikilize vizuri. Betri nyingi za hizi pikipiki ni lithiamu na ziko aina mbili kubwa, NMC na LFP. Zote unaweza kuambiwa ni "volti 72" lakini mwisho wake wa kujaa ni tofauti, NMC ya seli 20 inajaa kwenye volti 84, LFP ya seli 24 inaenda mpaka 87.6, na chaja za zile betri za zamani za asidi za 72 nazo zinatoa kama 88 hivi. Wauza chaja wengi wanaangalia tu plagi imeingia na namba 72 imeandikwa basi wanakuuzia. Ukiichaji NMC kwa chaja ya 88 unailazimisha kila usiku kupita kikomo chake, na ni kweli kuna BMS ndani inatakiwa ikate, ila BMS ni kinga ya mwisho, haikuwekwa pale ifanye kazi ya chaja kila siku, siku ikifeli hakuna kingine kinachozuia. Naomba ukasome maandishi ya kwenye betri na ya kwenye chaja sehemu ya OUTPUT uyaweke hapa. Na usiku wa leo isichajiwe humo ndani tafadhali.

rider_wa_umoja

Pole sana dada. Mimi niko Nairobi, huku wengi wetu hatuchaji kwa nyumba, unafika stesheni unaacha betri imeisha unapewa imejaa unaenda, hata Kigali wanafanya hivyo. Ikichajiwa kule inakuwa kwa kabati yake na kuna watu wanaiangalia. Kama hapo Dar kuna kampuni ya pikipiki yake inabadilisha betri mwambie aulize, hata kama gharama iko juu kidogo. Kitu ingine asichaji betri ikiwa imetoka kazini moto moto, aiache ipoe kwanza, na kama imeanguka nayo ama imezama kwa maji ya mafuriko asiichaji kabisa mpaka ifunguliwe iangaliwe. Maji ya chumvi ndio mabaya zaidi, kule Florida Marekani baada ya kimbunga Ian 2022 kuna magari ya umeme yalilowa maji ya bahari yakaja kuwaka siku kadhaa baadaye yakiwa yamepaki tu.

baba_K

Kuhusu luku jirani ana hoja, tupige hesabu. Betri ya 72V 40Ah ni kama yuniti 2.9, weka na upotevu wa chaja inafika yuniti 3 na kitu kwa kujaza mara moja. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani ambayo ukiweka na kodi ni kama shilingi 356 kwa yuniti hiyo ni elfu moja na mia hivi kwa siku, kwa mwezi yuniti karibu 100. Na kama mita yenu ilikua kwenye ile tarifu ndogo ambayo elfu moja inakupa yuniti 8, kikomo chake ni yuniti 75 kwa mwezi, mkizidisha mnahamishwa elfu moja inakupa yuniti 2 na nukta nane, yaani wapangaji wote mnaumia kwa ajili ya betri moja. Bado kwa kijana ni nafuu sana kuliko petroli, kwahiyo aweke hiyo elfu na mia kila siku kwenye luku ugomvi uishe. Pia angalieni ekstensheni, chaja kama hiyo inavuta umeme karibu sawa na pasi na inavuta masaa manne mfululizo, zile ekstensheni za waya mwembamba zinayeyuka plagi kabla hata betri haijaleta shida.

mamaG_tabata

Asanteni sana, nimetetemeka. Nimesoma, betri imeandikwa 72V 40Ah na chini "charge voltage 84V". Chaja imeandikwa OUTPUT 88V na maneno "lead acid". Shemeji nimemuonyesha kakaa kimya, sasahivi ameitoa nje barazani. Je ikitokea moto nafanyaje, tunayo ile mitungi midogo ya unga ya kuzimia moto?

fundi_betri_kkoo

Hiyo chaja dada ni ya asidi, isiguse tena hiyo betri. Airudishe kwa aliyemuuzia kama ana risiti, atafute ya lithiamu yenye OUTPUT 84V kamili, na ampia zisizidi zilizoandikwa kwenye betri. Akipata, achaji jioni barazani penye paa watu wakiwa macho, akilala anaichomoa. Mlangoni hapana kabisa hata na chaja nzuri, mana moto ukianzia pale nyie na watoto mnatokea wapi?

Mtungi wa unga unaweza kuzima miale ukadhani umemaliza, lakini joto liko ndani ya seli na inawaka upya, kinachoipoza ni maji mengi kwa muda mrefu na hiyo ni kazi ya zimamoto. Ukisikia inatoa mlio kama wa kuvuja gesi au ukaona moshi mweupe usijaribu kuibeba, toa watoto, funga mlango, zimeni meni swichi kama iko njiani, pigeni 114. Moshi wake ni sumu usirudi kuchukua kitu.

Na kesho mchana shemeji aiweke sehemu tambarare aangalie ubavuni, ikiwa imevimba hata kidogo au kuna harufu kali ya dawa asitafute chaja mpya kwanza, iwekwe uwanjani mbali na ukuta na pikipiki, aite fundi wa kampuni iliyomuuzia waje waichukue.