PRP au i-PRF kwa kiungo cha taya? Mliowahi kuchomwa mnisaidie

Kauzibe
Wakuu, habari zenu. Taya la kushoto linanisumbua tangu mwaka jana. Nimeambiwa nichague sindano ya damu yangu mwenyewe: PRP (majimaji ya damu yenye chembe sahani nyingi, zile za kugandisha damu) au i-PRF (ya jamii hiyo hiyo, ila inaganda ikishachomwa). Jibu linatakiwa wiki hii. Ipi bora? Nawasilisha.

MamaTatu
Bora kwa lipi, kaka? Linauma tu? Linalia "ta" ukitafuna? Linakwama? Vidole vitatu vikipangwa wima vinaingia mdomoni? Emarai (picha ya MRI) umepiga? Unasaga meno usiku? Hujasema lolote, unataka tukupigie ramli.

Fundi_Saa
i-PRF, usijiulize mara mbili. Damu ya PRP huwekwa kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia isigande, kisha huzungushwa kwenye mashine, mara nyingi awamu mbili. i-PRF haina dawa: chupa kavu ya plastiki, mzunguko wa polepole, kama 700 kwa dakika kwa dakika 3, na inachomwa upesi kabla haijaganda. Ikishaingia kiungoni inageuka utando wa fibrini (nyuzi za damu iliyoganda), chembe sahani zinaachia viini vya ukuaji kidogo kidogo. PRP inamwaga vingi siku za mwanzo. Mfaransa Choukroun alianzisha PRF mwaka 2001. Hii ya sindano ilikuja baadaye.

Mpwa
Umeongea kama muuza mashine, mkuu. Huko kuachia kidogo kidogo kumeonekana maabara. Kwa wagonjwa, tafiti nyingi ni za watu wachache, na kila daktari anazungusha damu kwa mtindo wake. PRP ya huyu si PRP ya yule.

Fundi_Saa
Mimi nilichomwa, ninatafuna. Wewe umechomwa?

Mpwa
Hapana, na bado ninatafuna.

Binti_Seremala
Ngoja niwape yangu, ndefu kidogo. Nilikuwa na maumivu kuanzia sikioni hadi kwenye kipaji. Daktari akanibonyeza mara mbili, akasema kiungo kimechakaa, PRP itakijenga. Hakuna picha, hakuna swali kuhusu usingizi. Wala hakuniuliza dawa ninazotumia, na mimi nilikuwa nameza ibuprofeni kila siku kwa sababu ya hayo maumivu. Baadaye ndiyo nasikia dawa za jamii hiyo zinadhoofisha hizo chembe sahani zenyewe, wengi huambiwa waziache siku kadhaa kabla. Siku ya sindano ganzi ikafika kwenye neva ya uso. Jicho likagoma kufumba, mdomo ukaenda upande. Nikajua nimepata kiharusi! Hali ilirudi baada ya saa chache, lakini mume wangu alikuwa ameshawapigia ndugu zangu wote. Taya likavimba wiki nzima. Miezi miwili baadaye maumivu yako palepale. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaweka kidole shavuni, kwenye msuli, nikaruka. Ugonjwa ulikuwa wa msuli, nasaga meno nikilala. Kiungo kizima kabisa. Mazoezi na kuacha kukaza meno mchana ndivyo vilivyonisaidia. Sindano haikuwa mbaya, ilipelekwa nyumba isiyo yake.

MamaTatu
Pole sana dada. Ndiyo maana mwongozo wa jarida la kitabibu la BMJ wa 2023 kwa maumivu sugu ya taya umetanguliza mazoezi na tiba za mikono.

Chogo
Samahani kwa kuingilia, hiyo PRP ndiyo wanayochoma kichwani kwa upara? Inaotesha kweli?

Fundi_Saa
Fungua uzi wako, Chogo.

Kauzibe
Nimesoma yote. Emarai sijapiga. Sisagi meno, mke wangu amethibitisha. Haliumi sana. Tatizo ni nikipiga mwayo mkubwa linateguka, mdomo unabaki wazi. Limesharudishwa hospitali mara tatu.

MamaTatu
KAKA! Hilo ulikuwa unaliweka akiba ya nini?

Mpwa
Basi kurasa zote hizi tulikuwa tunamjibu mtu mwingine. Taya linaloteguka limelegea, linahitaji kukazwa. Kuna sindano ya damu nzima, haizungushwi popote: inatolewa mkononi, mililita kama 2 zinaingia chumba cha juu cha kiungo na 1 hivi kuzunguka kifuko chake. Inaganda, inaacha kovu, kovu linabana. Unafungwa taya au unazuiwa kupanua mdomo kwa muda, unakula vya kunywa.

Fundi_Saa
Kovu ndani ya kiungo? Akishindwa kufungua mdomo kabisa je?

Mpwa
Swali zuri, amuulize daktari. Lakini PRP inatafutwa itulize na kuponya, hiyo inatafutwa ifunge. Zote damu, kazi mbalimbali. Na wapo wanaochoma hata PRP kwa taya linaloteguka, kwa hiyo usimtukane daktari wake bado.

Binti_Seremala
Kauzibe, karatasi yako imeandikwa ugonjwa gani?

Kauzibe
Imeandikwa TMD, yaani matatizo ya kiungo cha taya na misuli yake. Hakuna kingine.

Binti_Seremala
Hilo ni jina la ukoo mzima, siyo la mtu.

MamaTatu
Kwa sasa ukisikia mwayo unakuja, weka ngumi chini ya kidevu, ubane.

Chogo
Nimesoma neno mwayo nimepiga miwili.

Kauzibe
Mimi wa tatu huu, ngumi iko kidevuni. Nimepiga simu kuuliza kama wanachoma hiyo damu nzima. Aliyepokea ameniuliza: "Ya kichwani au ya goti?"